Sura ya Swali: Juu ya Karatasi za Maswali Tunazoletewa na Tunazoziandika

Hakuna mwalimu wa misheni asiyepata kuletewa karatasi ya maswali. Moja hutoka kwa mwanafunzi wa chuo kikuu atakaye kujua desturi za arusi. Nyingine hutoka ofisini, yahesabu vyoo na visima. Nyingine hutoka kwa mkubwa wa jimbo, yataka kujua ni nyumba ngapi zisalizo jioni. Sisi huzijaza, au huwasomea watu kwa sauti na kuwajazia, kisha hufungwa kwa kamba na kupelekwa, wala hatuzioni tena. Wataalamu huziita hojaji, na wengine huziita madodoso. Majina hayo hatuna neno nayo. Tunalotaka kulipima katika kurasa hizi ni sura ya maswali yenyewe, maana twaona ya kuwa makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ni ya wajibuji yalikwisha kutendwa na mwulizaji kabla hajatoka nyumbani kwake.

Kazi ya kuwapelekea watu wa misheni maswali si ngeni. Mwaka 1874 chama cha wataalamu wa Uingereza kiitwacho British Association kilitoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri na watu wakaao nchi za mbali, jina lake Notes and Queries on Anthropology, nacho kikapigwa chapa tena na tena, hata toleo la sita likatoka mwaka 1951. Mwaka 1907 James Frazer, mtu ambaye alizijua desturi za dunia kwa kusoma na kuandikiana barua wala si kwa kukaa kati ya watu aliowaandika, alitoa huko Cambridge kijitabu cha maswali juu ya desturi, imani na lugha. Mmoja wa walioandikiana naye alikuwa John Roscoe, mmisionari wa C.M.S. katika Buganda, ambaye mwaka 1911 alitoa kitabu chake kinene kiitwacho The Baganda.

Kijitabu cha Frazer kina sifa yake, nasi hatupendi kumnyima mtu haki yake. Kina upana, chamkumbusha msomaji mambo ambayo macho yaliyozoea hayayaoni tena: nani haruhusiwi kula na nani, jina la nani halitajwi, mtoto apewa jina siku gani. Walakini maswali yake mengi ni ya namna ya kuuliza kama watu wana desturi fulani au hawana, na desturi yenyewe Frazer ameipata Australia, au katika vitabu vya Warumi wa kale, na sasa ataka kujua kama ipo na huku. Swali la namna hiyo limebeba jibu lake mgongoni. Tena maswali yale aliandikiwa mmisionari, si mzee wa kijiji. Mmisionari aliyekaa miaka mingi, akaisema lugha, kama Roscoe, tena akasaidiwa na Katikiro Apolo Kagwa aliyemwitia wazee, angeweza kulichukua swali la Cambridge na kuliacha nje ya mlango, akaingia ndani kwa mazungumzo. Lakini yule aliyelifasiri neno kwa neno na kumsomea mzee chini ya mti alipata nini? Alipata "ndiyo" nyingi. Mzee amemwona mgeni ametoka mbali, amelitaja jambo kwa bidii, yaonekana analipenda. Kumwambia "hapana" ni kama kumrudisha njiani bila maji.

Mtu apendaye kuona njia nyingine na atazame kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, aliyepata kufundisha Kiswahili Berlin. Humo hamna "je, mna desturi hii?" Mna jambo lililotajwa tu, kuzaliwa kwa mtoto, ngoma, pepo, posa, safari, na mwenyewe akaachwa aseme. Matokeo yake ni kwamba twasoma mambo ambayo hakuna mgeni angaliweza kuyauliza, kwa kuwa hakujua kama yapo. Hata hivyo kitabu hicho nacho kina upungufu wake, nao ni upungufu wa kila swali lililo wazi: huwezi kuhesabu kitu humo. Hujui kama hivyo ndivyo walivyofanya wote au walivyofanya wenye mali. Na habari za watumwa zimesemwa na mwungwana. Mtumwa angalipewa kalamu ile ile na jambo lile lile, hatudhani angaliandika ukurasa ule ule.

Basi hizi ndizo namna mbili, na kila moja ina mahali pake. Swali lililo wazi humwachia mjibuji mlango, aingie na mzigo wake mwenyewe. Swali lililofungwa humwekea vikapu viwili, au vinne, au vitano, likamwambia atie jibu lake katika kimoja. La kwanza lafaa pale tusipojua tutakachokikuta. La pili lafaa pale tulipokwisha kuyajua majibu yapatikanayo, tukataka tu kuhesabu ni wangapi walio katika kila kikapu. Kosa la karatasi nyingi tulizoziona ni kuanza kwa vikapu. Mwandishi ameketi mezani pake mjini, akawaza sababu nne za mtoto kutokuja shule: ugonjwa, umaskini, uvivu, umbali. Kisha karatasi yafika bondeni wakati mpunga unachanua, na watoto wote wako shambani wanaamia ndege. Mzazi asomewa vikapu vinne. Kuamia ndege si ugonjwa. Wala yeye si maskini, ana shamba. Uvivu hawezi kukubali, maana mtoto yu macho tangu alfajiri. Na shule iko pale ng'ambo ya kijito, aiona. Afikiri kidogo, achagua "ugonjwa", kwa kuwa ndilo jibu lisilomwaibisha mtu. Na ofisi yajifunza ya kuwa watu wa bonde lile huugua sana mwezi wa ndege.

Lakini mambo yote haya yamesemwa na wataalamu wa lugha nyingine. Twataka kukaa zaidi juu ya lililo letu, yaani jinsi maswali haya yanavyokaa katika Kiswahili. Maana karatasi nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo hufasiriwa, na vikapu vya "ndiyo" na "hapana" hufasiriwa pamoja nazo kana kwamba ni vitu vya namna moja duniani kote.

Na tuanze na salamu. "Hujambo?" ni swali, tena ni swali la kukanusha: huna jambo? Jibu lake ni moja tu, "Sijambo", nalo hulitoa hata aliye kitandani na homa. Hasemi uwongo. Ajua, na aliyemsalimu ajua, ya kuwa swali lile halikuuliza habari za mwili, lilifungua mlango. Vivyo hivyo "Habari za nyumbani?" Ijapokuwa kwa sura ni swali wazi kabisa, jibu lake limefungwa: "Nzuri." Kisha baada ya kukaa, na pengine baada ya maji ya kunywa, ndipo neno "ila" hutokea: nzuri, ila mtoto hakulala; nzuri, ila tumemzika shemeji. Habari yenyewe iko baada ya "ila". Mwenye karatasi aandikaye jibu la kwanza na kugeuza ukurasa ameandika salamu, naye adhani ameandika habari. Tumewaona vijana wa vyuo wakifanya hivyo kuanzia asubuhi hata jioni, wakarudi mjini na magunia ya salamu.

La pili ni neno "ndiyo" lenyewe. Kwa Kiingereza jibu huangalia tendo: kama tendo halikutendeka, jibu ni la kukana, lo lote lililoulizwa. Kwa Kiswahili "ndiyo" huyaangalia maneno ya mwulizaji na kuyathibitisha. Ukiuliza, "Hukwenda zahanati?" na mtu hakwenda, hujibu, "Ndiyo, sikwenda." Na kama alikwenda husema, "La, nilikwenda." Sasa chukua karatasi iliyofasiriwa, yenye swali la kukanusha na vikapu viwili. Bibi ambaye hakukanyaga zahanati maisha yake ajibu kwa lugha ya mama yake, naye atiwa katika kikapu cha waliokwenda. Binti yake aliyesoma sekondari, ambaye amekwisha kuchukua njia ya Kiingereza, ajibu "hapana" kwa jambo lile lile. Majibu mawili yaliyopingana kwa habari moja, katika nyumba moja. Na hakuna mtu ofisini awezaye kujua. Kwa hiyo twasema bila kusitasita: swali la kukanusha lisiingie kabisa katika karatasi yenye "ndiyo" na "hapana". Liwekwe kwa namna ya kuthibitisha, au vikapu viitwe kwa tendo lenyewe: "alikwenda", "hakwenda".

La tatu ni "bado". Hatujaona karatasi moja iliyokipa neno hili kikapu chake, na sisi husema kila siku. Umeoa? Bado. Una watoto? Bado. Mwanao amebatizwa? Bado. Aliye na miaka hamsini na hana mtoto hatajibu "hapana" ila kwa uchungu, kwa kuwa "hapana" yafunga mlango alioushikilia kwa sala zake zote. "Bado" ni jibu la tatu, si ndiyo wala si hapana, na mwulizaji ambaye hana mahali pa kuliandika hulitupa upande mmoja kama apendavyo. Mwenzetu mmoja aliwahi kutuambia ya kuwa hilo ni jambo dogo la sarufi. Tutasimulia jinsi sisi wenyewe tulivyokuja kuliona si dogo, ijapokuwa habari yenyewe haitupi sifa.

Katika shule moja tuliyofundisha palikuwa na sufuria ya uji kwa madarasa ya chini, saa nne ya asubuhi. Bei ya unga ilipanda, na kamati ikataka kujua kama uji ule wahitajiwa kweli au ni mazoea tu. Tulipewa sisi kazi ya kuandika karatasi, kwa kuwa tulikuwa na sifa ya kuandika vizuri. Tuliandika maswali kumi, yote ya "ndiyo" na "hapana", ili yapate kujumlishwa upesi. Swali la nne lilikuwa hili: "Je, mtoto wako hupata chakula asubuhi kabla ya kuja shule?" Tulilisoma kwa sauti mlango kwa mlango, daftari mkononi, na majirani wamesimama kusikiliza kama ilivyo kawaida ya vijiji vyetu. Akina mama walijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Nyumba kwa nyumba, "Ndiyo, Mwalimu." Kamati ilitushukuru kwa hesabu iliyo wazi, na sufuria ikaondolewa.

Wiki ya tatu mtoto wa darasa la pili alianguka mstarini. Tulidhani ni malaria, tukambeba hata zahanati. Mwuguzi hakumwuliza kama hula. Alimwuliza, "Jana usiku ulikula nini?" Mtoto akasema, "Ugali." "Na leo?" Mtoto akasema, "Bado." Jua lilikuwa limekaribia utosini. Tulirudi shuleni tukaitoa ile karatasi kabatini, tukatafuta jina la mama yake. Swali la nne: ndiyo.

Mama yule hakusema uwongo, na hili ndilo tunalotaka wenzetu walione. Tulimwuliza kwa "hu", na "hu" ni ya mazoea: mtoto wake hupata chakula asubuhi, siku kipatikanapo. Tena tulimwuliza mbele ya majirani, tena sisi ndio waalimu wa mtoto wake, tena kwa maneno ambayo "hapana" yake ingekuwa na maana ya "mimi ni mama nisiyelisha mtoto wangu". Katika vikapu viwili tulivyompa kimoja kilikuwa cha heshima na kingine cha aibu. Ni nani angalichagua cha pili? Jibu lile tuliliandika sisi usiku ule mezani, yeye alitusomea tu.

Wamarekani walikwisha kuyapima mambo haya kwa hesabu. Mwaka 1940 watu wa Marekani waliulizwa juu ya hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Sehemu moja ya watu waliulizwa kama nchi izikataze. 46 katika mia walisema izikataze. Sehemu nyingine waliulizwa kama nchi iziruhusu. 62 katika mia walisema isiziruhusu. Kwa akili ya kawaida, kukataza na kutoruhusu ni jambo moja, lakini neno la kukataza ni zito mdomoni, na watu wengi walioweza kutoruhusu hawakuweza kukataza. Habari hiyo iliandikwa na Donald Rugg mwaka 1941, na baadaye Howard Schuman na Stanley Presser waliijaribu tena, wakaieleza kwa urefu katika kitabu chao cha mwaka 1981. Twawaomba waandikao maswali juu ya ulevi, juu ya mahari, juu ya kukeketa, walifikiri jambo hili kabla ya kuchagua kati ya "ikatazwe", "isiruhusiwe" na "iachwe".

Ipo namna nyingine ya vikapu ambayo yapendwa sana na vyuo: ngazi ya daraja tano, kuanzia "nakubali sana" hata "sikubali kabisa". Ilitungwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na kwa watu waliozoea kusoma na kujaza peke yao ina manufaa yake. Kwetu sisi ina taabu mbili. Ya kwanza, sentensi iliyosomwa na mgeni au na mwalimu ni neno la mkubwa, na kumwambia mkubwa "sikubali kabisa" ni ufidhuli. Kwa hiyo watu hujazana katika daraja za juu, au hukaa katikati, "sina hakika", ambayo kwa kweli maana yake ni "sitaki kusema". Ya pili, daraja tano zisomwapo kwa sauti hupotea. Msikilizaji akifika ya nne ameisahau ya kwanza. Tumeona yafaa kuuliza kwa hatua mbili: kwanza kueleza ya kuwa wapo watu wasemao hivi na wapo wasemao vile, naye yu upande gani, halafu, akiisha kuchagua, kama ni sana au kidogo. Watu wawili wanaobishana husikika kwetu bila kuona haya, na kumchagua mmoja si kumkana mwulizaji. Na pale patakiwapo sehemu za kitu kizima, mathalani mavuno yaliyoliwa na yaliyouzwa, tuache mia kwa mia zetu, tumpe mzee kete kumi za bao, azigawe mwenyewe chini. Atazigawa, atazitazama, atahamisha moja. Hiyo moja aliyoihamisha yasema mengi.

Twapenda kusifu panapostahili sifa. Mwaka 2001 liliundwa chini ya Umoja wa Mataifa kundi la wataalamu wa takwimu, liitwalo Washington Group, ili kutafuta namna ya kuwahesabu watu wenye ulemavu. Hapo zamani karatasi za hesabu ya watu ziliuliza tu kama nyumbani yupo kiwete, kipofu au bubu, na watu, kwa haya au kwa hasira, walisema hayupo. Kundi hili liliandika maswali sita, juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, wala neno la ulemavu halimo. Huuliza kama mtu apata shida kuona, hata akivaa miwani; na vikapu ni vinne: hapana shida; shida kiasi; shida kubwa; hawezi kabisa. Mzee atakayekataa kuitwa kipofu mpaka kaburini atakiri bila taabu ya kuwa aona kwa shida. Hapa swali lililofungwa limefanya kazi ambayo lililo wazi lisingaliiweza, kwa kuwa waliolifunga walijua kwanza watu huona haya ya nini.

Juu ya maneno yenyewe hatutasema mengi, maana kila mwalimu ana mifano yake. "Una ndugu wangapi?" si swali, ndugu ni wa baba mmoja, na wa mama mdogo, na wa ukoo, na pengine wa kanisa. Aulizwe: mama yako mzazi alizaa watoto wangapi, wangapi wapo, wangapi wametangulia. Na waliotangulia waulizwe kwa upole na mwishoni, si katika mstari wa kwanza. Umri nao: ukiuliza miaka, watu wazima hukuangukia wote katika thelathini, arobaini na hamsini, kama ndege watuao juu ya matawi makubwa tu. Ukiuliza kwa matukio wapata karibu zaidi: alizaliwa kabla ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961 au baada yake? Wakati wa Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, alikuwa akibebwa au akitembea? Meli ya Bukoba ilipozama mwaka 1996, alikuwa amekwisha kuanza shule? Na saa: yule aandikaye "saa 2" akumbuke ya kuwa mkutano mmoja waweza kuwa wa asubuhi kwetu na wa mchana kwake.

Kurudi katika uji. Tuliomba ruhusa ya kuandika karatasi ya pili, na tukapewa kwa shida, kwa kuwa kamati ilikuwa na hesabu yake na iliipenda. Safari hii hatukuanza na karatasi. Tulimwomba mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mtu anayeheshimiwa na asiye mwalimu, akae kisimani asubuhi tatu, awaulize wenzake jambo moja tu: asubuhi ya siku ya shule huwa namna gani nyumbani kwako? Hakuandika kitu, alikuja jioni akatusimulia, nasi tukaandika kwa maneno yao. Hakuna aliyesema "chakula cha asubuhi". Walisema chai kavu. Walisema kiporo, kama kimebaki. Walisema muhogo wa jana. Walisema, "Hupita hivyo hivyo." Ndipo tulipojua vikapu vyetu vyaitwaje.

Swali jipya likawa hili: "Jana, kabla ya kutoka kwenda shule, mtoto alitia nini mdomoni?" Na majibu: uji, kiporo, muhogo au kiazi, chai kavu, alipita hivyo hivyo, bado ilikuwa haijaiva, na mstari mmoja mtupu wa "kitu kingine". Tuliuliza "jana" ili kuikimbia ile "hu". Tuliuliza ndani ya nyumba, mtu mmoja mmoja, wala si sisi tuliouliza. Kulikuwa na mjadala kati yetu kama tuitie "sijui" kikapu. Wengine waliogopa ya kuwa wavivu wote watakimbilia humo. Tuliitia, na waliotumia ni wachache, karibu wote akina baba.

Majibu ya karatasi ya pili hayakufanana na ya kwanza hata kidogo. Chai kavu na "alipita hivyo hivyo" vilijaza kurasa. Sufuria ilirudi kabla muhula haujaisha, ingawa mjumbe mmoja wa kamati alisema, na hatuwezi kumlaumu, ya kuwa waalimu hawa wana karatasi mbili na kila moja yasema yake; ataamini ipi? Tulimwambia aamini ile iliyowapa watu nafasi ya kusema bila kuona haya. Hakuridhika sana.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza. Katika nyumba ya bibi mmoja aleaye wajukuu wawili, mwulizaji alisoma vikapu vyote, na bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, changu mbona hukukitaja?" Akaulizwa ni kipi. Akasema, "Andika: walikula cha bibi yao." Ikaandikwa hivyo katika ule mstari mtupu. Katibu alipokuwa akijumlisha alituuliza jibu hilo alitie pamoja na waliokula au pamoja na waliopita hivyo hivyo. Na nyumba ile aihesabu kuwa na watu wangapi wenye njaa. Mpaka leo karatasi ile iko mezani petu, nasi hatujamjibu.